K za Padri Hazikutosha

Wadogo zangu, nimestaafu. Msicheke. Wengine hustaafu wakiwa na mvi na kiinua mgongo. Mi nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba na mtihani wa hesabu wiki ijayo. Shule zimefunguliwa, barabara imetulia kidogo, na baba aliniuliza kama nataka wino ama diploma. Hakusubiri jibu. Basi nyinyi mnaokuja likizo hii kukalia kigoda changu pale imprimeri, yaani kiwanda cha kuchapa cha babu, hapa Gitega, someni haya kabla hamjagusa kitu. Nasema tu kwa adabu. Nawajua, mtaanza kwa kugusa.

Herufi zetu ni za risasi. Risasi ya madini, msianze. Kila herufi ni kipande kidogo cha chuma, sura yake imegeuzwa kama kwenye kioo, na zinakaa katika makasha ya mbao yenye vyumba vyumba, a huku, b kule. Unaziokota moja moja, unazipanga mstari kwa mstari, unazifunga kwa kamba, unapaka wino, halafu unakanyaga mashine kwa mguu nayo inabana karatasi. Haitaki umeme. Ndiyo maana miaka ile umeme ulipokuwa ukija Gitega kama mgeni wa Idi, sisi tuliendelea kuchapa.

Lakini kazi yenu ya kwanza haitakuwa kuchapa. Mtachambua. Tabu hiyo ilianza siku milio ya bunduki iliposhuka kutoka milimani hadi karibu na soko, tukakimbilia Mutoyi kwa mapadri, Waislamu kwa Wakristo, kila mtu na godoro lake kichwani. Kabla ya kuondoka, babu aliogopa herufi zitaibwa zikayeyushwe. Akamwaga makasha yote kwenye magunia ya sukari, akayafukia chini ya banda la mbuzi. Wazo zuri sana, ila tulikuwa na aina tatu za maandishi, na babu alimwaga kama mtu anayemwaga maji. Tuliporudi, banda lilikuwa halina mbuzi hata mmoja, lakini herufi zilikuwepo zote, zimechanganyika, zinanuka mbuzi.

Aliyekuwa akizipanga siku zote ni shangazi Mwajuma, dada mdogo wa baba. Akatandika mkeka uani, akamwaga gunia la kwanza, akaniita. "Zuhura, we si unasema shule imefungwa huna kazi? Kaa hapa." Majirani walidhani tunachambua maharage. Mama mmoja alikuja na ungo wake kutusaidia, akachungulia, akarudi na ungo wake.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Aina zetu tatu zina majina marefu ya kizungu yaliyoandikwa kwenye makasha, na hakuna aliyewahi kuyatumia. Shangazi alizipa majina kwa miguu yao.

Ya kwanza ni Padri, kwa sababu babu alizinunua kwa mapadri, zimeshatumika. Padri anavaa viatu. Angalieni mwisho wa kila mguu wa herufi, chini ya n, chini ya h: utaona kikanyagio chembamba, kimechongoka, kama kiatu cha mtu anayekwenda harusini. Mwili wake una sehemu nene na sehemu nyembamba. Ya pili ni Peku. Huyu hana viatu kabisa, miguu imekatwa wima, unene wake ni ule ule juu hadi chini. Ya tatu ni Buti. Buti amevaa pia, lakini kiatu chake ni cha mraba, kinene kama mguu wenyewe, kiatu cha mtu wa kulima.

Mtasema, basi ni rahisi. Nami nilisema hivyo. Asubuhi ile ile nikaweka rundo langu la Padri mbele ya shangazi kwa majivuno, naye akaanza kutoa kipande kimoja kimoja akikirudisha kwenye mkeka, taratibu, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele, mpaka rundo likabaki la aibu.

Herufi iliyosimama tu haiaminiki. Fimbo moja ya Peku inaweza kuwa I kubwa, inaweza kuwa l ndogo, na mi niliifanya mpaka moja ya kuhesabia. Na o ndiyo mnafiki mkubwa, haina miguu, kwa hiyo huwezi kuuliza habari za viatu. Ile ya Padri ni nyembamba juu na chini, imelala kidogo kama mtu anayesikiliza. Ya Peku ni bangili. Ya Buti ni tairi.

Mkikwama, tafuteni g. g ya Padri ina matumbo mawili, moja juu moja chini, na kisikio kidogo pembeni, mithili ya miwani iliyowekwa wima. g ya Peku ina tumbo moja na ndoana. Halafu tazameni R. R ya Padri inanyoosha mguu mbele kama bibi anayejipumzisha mkekani, ya Peku inasimama mguu sawa kama askari, ya Buti inapiga teke. Halafu a, halafu t, halafu Q kama mtabahatika kuiona, maana kwa Kiswahili Q hana kazi, anakaa chumbani kwake miaka na miaka anakula bure.

Nilichukua muda mrefu kujua kwamba shangazi mwenyewe alikuwa haangalii. Alikuwa anachambua huku anatazama barabara, anaongea na wapita njia, na vidole vyake vinatupa Padri huku, Buti kule, bila kukosea. Nikamvizia. Kumbe kila herufi ina mfereji mdogo ubavuni, na kila kiwanda kinakata mfereji wake: Padri ana miwili, Peku ana mmoja karibu na kichwa, Buti ana mmoja karibu na mguu. Alikuwa anapapasa tu kwa kidole gumba. Nikamwambia hii ni dhuluma, umenitoa macho bure.

"Kidole kinajua chuma," akasema. "Wakikuletea karatasi iliyokwisha kuchapwa, utapapasa nini? Karatasi haina mfereji. Tumia macho."

Likumbukeni hilo neno, kwa sababu baadaye lilikuja kujaribiwa Muyinga na halikuwa kweli lote.

Basi nikaanza kutumia macho, na macho yakawa ugonjwa. Nilisoma viatu vya sabuni, vya viberiti, vya magunia ya unga wa msaada. Shule ilipofunguliwa kidogo, nilimwambia mwalimu kwamba swali la nne la mtihani limepigwa kwa taipu tofauti na maswali mengine, angalia mkia wa g. Nilitolewa nje. Pale nje ukutani kulikuwa na tangazo limeandikwa kwa Peku.

Wateja nao wana macho, msiwadharau. Mzee mmoja alitoka Gishubi kuchapisha karatasi za kubandika kwenye chupa za asali. Nikampangia Padri, nikidhani namfanyia heshima. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akasema asali yake ni nzito na hayo maandishi ni mepesi, watu watadhani ameongeza maji. Nikabadilisha kwa Buti. Akalipa anacheka. Tangu hapo nauliza kwanza: kitu chenyewe iko kizito ama chepesi?

Sasa nije kwenye kadi.

Shangazi Mwajuma aliposwa na Idi, kijana wa Muyinga. Baba yake Idi, Mzee Rashidi, ana duka la vitambaa karibu na soko kule. Harusi ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya barabara. Malori yalikuwa yakienda kwa msafara na wanajeshi mbele na nyuma, na siku nyingine hayaendi. Shangazi hakulalamika. Alikuwa na sharti moja tu: akiolewa, aende na mashine ndogo na kasha moja la herufi, afungue imprimeri Muyinga. Watu wa kule walikuwa wanakuja mpaka Gitega kutafuta hata kitabu cha risiti. Idi alikubali haraka, kama wachumba wanavyokubali. Mzee Rashidi ndiye aliyekataa. Alisema mkamwana wake atauza vitenge, hataokota vyuma kama kuku. Idi akambembeleza wiki nzima, mwisho mzee akatoa neno: anataka kuona kadi ya harusi. Kama hiyo kazi ni kazi kweli, atampa kile chumba cha pembeni cha duka. Kama siyo, basi vitenge.

Kwa hiyo kadi ndiyo ilikuwa mtihani wa shangazi. Na shangazi hakuruhusiwa kuufanya.

Mnajua desturi yetu. Bibi harusi anawekwa ndani, anasuguliwa, anapakwa, haonani na jua. Msafara ulipotangazwa, bibi yetu alimfungia chumbani siku hiyo hiyo, kadi hazijapangwa hata mstari. Shangazi akaomba atoke mara moja tu, apange, arudi. Bibi akasema mikono ya bibi harusi ni ya hina, si ya wino. Babu alijaribu kumtetea, akaulizwa nani aliyechanganya herufi chini ya mbuzi. Akaenda msikitini.

Nikabaki mi.

Nilikaa kwenye makasha na maneno ya kadi mbele yangu. Yanaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, halafu familia ya fulani ikishirikiana na familia ya fulani, inayo furaha kukualika, kufika kwako, karibu, karamu, kikao cha kina mama. Nikapanga kwa Padri, maana harusi inataka viatu. Sikufika nusu. Nilinyoosha mkono kwenye chumba cha k, nikagusa ubao.

Haya, hili nalo lishikeni. Padri alitengenezwa kwa ajili ya Kifaransa. Kifaransa hakina shughuli na k, wala w. Kiwanda kikatoa e za kujaza ndoo na k za kujaza kiganja cha mtoto. Mtu wa Kiswahili akianza kumkaribisha mwenzake tu, k zimekwisha. Kawaida ilikuwa kazi ndogo ndogo, tulikuwa hatufiki kwenye ubao. Kadi ile ilikuwa ndefu, ya familia mbili ambazo kila moja ina wazee wa kutajwa.

Nikaenda mlangoni kwa shangazi na wazo langu zuri. Nikamwambia Peku ana k nyingi, nitachomeka chache huku chini, nani ataangalia.

"Mkwe wangu hajui Padri wala Peku," akajibu kutoka ndani, "lakini anauza vitambaa. Kitambaa kilichoungwa anakiona akiwa ng'ambo ya barabara. Usichomeke."

Nikasema basi tubadilishe maneno, tuondoe k. Akaniuliza nitaandikaje neno karibu.

Halafu akanipa njia. Panga nusu ya juu tu. Chapa kadi zote nusu ya juu, zianike. Halafu vunja mistari, rudisha herufi, chukua k zile zile, panga nusu ya chini, pitisha kadi zote mara ya pili. "Ila zikitua pabaya kwa unywele mmoja," akasema, "itaonekana kama mtu aliyevaa shati la mwenzake."

Nilifanya hivyo. Nilikata spoku za baiskeli, nikazibandika kwenye mashine ziwe ukuta wa kuegemeza karatasi, ili kila kadi ikae pale pale ilipokaa mwanzo. Jikoni, chumbani, juu ya kitanda cha babu, kila mahali kadi zimelala zikisubiri wino ukauke, zina kichwa bila miguu. Mgeni aliyeingia siku hiyo angesoma kwamba familia mbili zina furaha, basi, bila kujua ya nini.

Kadi ya kwanza iliyokamilika niliipeleka kwa shangazi aikague. Bibi hakumruhusu kuishika. Aliishika yeye mwenyewe, mbali, kando ya taa, tena aliishika kichwa chini miguu juu. Nikataka kumgeuzia. Shangazi akasema iache hivyo hivyo, mi nimezoea kusoma kinyume. Akaitazama muda. Akasema mstari wa chini umefifia kidogo, niongeze karatasi nyuma ya kibano ili ibane zaidi. Nikaongeza gazeti moja. Ya pili akaitazama, akafumba macho, akasema, "Chapa."

Kadi zikaenda Muyinga na lori la vitambaa la Mzee Rashidi mwenyewe. Msafara uliofuata ulirudisha jibu kwa mdomo wa dereva, naye alilileta akitabasamu, akidhani ni habari njema. Mzee amefurahi sana. Amesema kadi ni nzuri mno, haina kasoro, amewaonyesha wateja wote. Amesema inaonekana kabisa imetoka Bujumbura, kwenye zile mashine za kompyuta. Na kwa kuwa watu wa Gitega wana uwezo wa kuchapisha Bujumbura, hakuna haja ya mashine Muyinga.

Nilimpelekea shangazi jibu hilo kwa maneno machache kuliko haya. Alikuwa na hina mbichi mikononi, ameinyoosha hewani. Hakulia. Aliniuliza tu kama nimeelewa: tungechomeka zile k za Peku, mzee angejua ni sisi.

Basi tukaenda Muyinga, bibi harusi na mashangazi na mi, kwenye msafara, milima pembeni na kila mtu anasoma dua yake. Mashine haikuwemo. Harusi ilifungwa, watu walikula, sina la kusimulia. Harusi zote zinafanana isipokuwa kwa anayeolewa.

Kesho yake tulikaa sebuleni kwa Mzee Rashidi. Mkamwana mpya hamjibishi baba mkwe siku za mwanzo, anakaa, anainamisha macho. Lakini mjukuu ana ruhusa ya kutania babu, na mi kwa hesabu ya ukoo nilikuwa mjukuu. Kadi moja ilikuwa imewekwa kabatini, imeegemezwa kwenye kikombe. Nikaichukua, nikamwekea mkononi.

"Babu," nikamwambia, "wanasema we ukishika kitenge gizani unajua kimetoka wapi. Ni kweli ama ni biashara tu?"

Akacheka. Akasema ni kweli.

"Basi hii umeisoma kwa macho kama mteja. Igeuze nyuma."

Akaniangalia, akaangalia kadi. Akaigeuza. Nyuma yake ni nyeupe, hakuna kitu. Akapitisha kidole gumba, polepole, kama anavyofanya dukani, na nikaona uso wake unabadilika. Maana kompyuta inalaza wino juu ya karatasi, lakini chuma kinauma. Kila herufi imesukuma kijivimbe chake upande wa pili. Shangazi alinifundisha karatasi haipapaswi, na hata yeye pale alipokaa aliinua macho kidogo.

Mzee alirudia mara nyingi. Halafu kidole kikasimama katikati ya kadi.

"Hapa mmeunga," akasema.

Akakipandisha juu, akakishusha tena.

"Juu ni mkono mmoja, chini ni mkono mwingine. Chini kumebanwa zaidi. Kwa macho sikuona. Lakini hii nguo iko vipande viwili."

Lile gazeti langu moja. Idi akaanza kukohoa. Ndipo shangazi aliposema, akiwa bado ameinamisha kichwa, maneno yake ya kwanza kwa baba mkwe katika nyumba ile:

"K hazikutosha, baba."

Akaeleza yote. Kifaransa, kiganja cha mtoto, nusu ya juu, nusu ya chini, spoku za baiskeli. Alieleza bila haraka, na mikono yake ya hina ilikuwa inapanga mistari hewani bila yeye kujua. Mzee alisikiliza kama wanavyosikiliza wafanyabiashara, hatingishi kichwa wala hakatai. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ule mstari wa maungio.

Mwishowe akaweka kadi chini.

"Sasa mtu anafungua duka," akasema, "na kitu kinachotoka kuliko vyote hana. Hiyo ni biashara gani?"

Akamgeukia shangazi.

"Nakuuliza, mkamwana. Hizo k zinauzwa kwa kilo ama moja moja?"